Msimamizi anasema sura ya pili ni orodha. Nifanyeje?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, nasoma shahada ya uzamili nikiwa kazini. Tasnifu yangu inahusu athari za kupumzisha Ziwa Tanganyika (kusimamisha uvuvi kwa muda) kwa kipato cha wanawake wanaokausha na kuuza dagaa katika mialo ya Kibirizi na Katonga. Nimesoma makala na ripoti 46 na sura ya pili imefika kurasa 31. Msimamizi ameirudisha mara mbili. Mara ya kwanza aliandika pembeni, "Hii ni orodha, si mapitio." Mara ya pili akauliza, "Pengo liko wapi?" ilhali nimeandika waziwazi kwamba hakuna utafiti wa aina hii uliowahi kufanyika Kigoma. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Maoni hayo mawili yana chanzo kimoja. Umeipanga sura kwa kufuata watu walioandika, badala ya kufuata mambo wanayotofautiana. Sura ikipangwa kwa watu, kila aya inaanza na jina na kuishia na matokeo ya mwenye jina. Pengo halionekani hapo, kwa sababu linapatikana kwa kuziweka tafiti kadhaa pamoja na kuona zote zimeacha nini. Kwa hiyo usianze kutafuta makala ya 47. Ulizonazo zinatosha, na kwa tasnifu ya uzamili nadhani nyingine itabidi uziache.

Pima mwenyewe kwanza. Chukua aya mbili zinazofuatana, ya pili iwe ya kwanza, halafu soma. Kama hakuna kilichoharibika, hizo ni vipengele vya orodha. Kisha nakili sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi moja na uzisome mfululizo. Zikija "Fulani (2011) alibaini... Fulani (2014) alibaini...", utakuwa umeona alichokiona msimamizi. Katika mapitio yaliyokaa vizuri, karatasi hiyo husomeka kama hoja moja hata kabla hujatazama kilichomo ndani ya aya.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye jedwali. Tumia Excel, au daftari kubwa la mistari ukipenda. Kila utafiti upewe mstari wake, na safu ziwe saba: nani na mwaka wa kuchapishwa, data zilikusanywa wapi na lini, waliuliza nini, walipima nini na kwa njia gani, walipata nini, pamoja na namba na ukurasa, nini ambacho njia yao isingeweza kukiona, na utafiti huo unagusa wapi swali lako. Si lazima zote 46 ziingie kikamilifu. Chagua kati ya 15 na 20 zinazogusa swali lako moja kwa moja uzijazie safu zote, zilizobaki ziandikie mistari miwili tu. Makala moja ikikuchukua zaidi ya saa moja, pengine unaisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Soma ikisiri, nenda kwenye majedwali na michoro ya matokeo, rudi kwenye mbinu, utangulizi uwe wa mwisho kama muda upo. Utangulizi wa makala ni mapitio ya mtu mwingine, na ndiko wanafunzi wengi wanakookota madondoo ya mkono wa pili: "fulani kama alivyonukuliwa na fulani". Hayo yakizidi mawili au matatu katika sura nzima, mtahini atajua hukufika kwenye kazi zenyewe.

Safu mbili kati ya hizo hujazwa ovyo, nazo ndizo zinazobeba sura yako.

Ya kwanza ni mahali na wakati. Usiandike mwaka wa kuchapishwa ukadhani ndio mwaka wa data. Makala ya 2016 inaweza kuwa na data za 2009, na kwa mada yako tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa upande wa Tanzania ziwa lilipumzishwa kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kila utafiti wa kipato uliokusanya data kabla ya hapo unaeleza maisha ya mwalo uliokuwa wazi. Andika na mwezi, si mwaka peke yake. Wewe unajua kuliko mimi kwamba vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unasimama kwa siku kadhaa. Mtafiti aliyehoji wachakataji wiki ya giza na mwingine aliyewahoji wiki ya mbalamwezi watapata vipato tofauti kwa watu walewale. Masika nayo yanabadilisha ukaushaji. Kama makala haisemi ilihoji lini, ujaze hivyo: "haijasema". Ukishakuwa na "haijasema" tano kwenye safu moja, una jambo la kuandika.

Ya pili ni kipimo. "Kipato" ni neno moja linalofunika vitu vingi: fedha za mauzo kabla ya kutoa gharama, faida baada ya kulipia mzigo na usafiri, matumizi ya kaya kwa mwezi, au makadirio ya mhojiwa kwa mwaka mzima uliopita. Tafiti mbili zinaweza kuonekana zinapingana kumbe moja ilipima kilo zilizofika mwaloni na nyingine ilipima fedha mfukoni. Kilo zikipungua bei hupanda, na mwenye akiba ya dagaa wakavu stoo anaweza kupata faida wakati yule anayenunua ndoo moja kila asubuhi anakaa bila kazi. Hilo ndilo swali lako, Mwalimu, nalo halijatajwa popote katika maelezo uliyonitumia.

Kabla hujaenda mbele, kagua dagaa wako. Ukitafuta kwa neno "dagaa" peke yake utaletewa tafiti nyingi za Ziwa Victoria, na wale ni Rastrineobola argentea, samaki wa ukoo mwingine kabisa. Wa Kigoma ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambao wako karibu na saladini wa baharini. Pwani nako kuna dagaa wao. Burundi wetu wanaitwa ndagala, Zambia kapenta. Na kapenta wa Ziwa Kariba ni Limnothrissa aliyepandikizwa kutoka Tanganyika miaka ya 1960. Kwa hiyo tafuta kwa majina ya kisayansi na majina ya nchi jirani, ukiyaunganisha kwa neno OR la herufi kubwa. Utafiti wa Mwanza kuhusu kuzaliana kwa dagaa usiutumie kama ushahidi wa Kigoma. Wa soko la dagaa wakavu unaweza kuutumia, mradi useme kwa nini soko linafanana hata kama samaki ni tofauti.

Sasa uandishi. Nachukua mfano kutoka kwenye mada yako, kwa sababu fasihi ya Ziwa Tanganyika ina mjadala wa wazi unaofaa kujifunzia. Wanafunzi wengi huandika hivi:

"O'Reilly na wenzake (2003) walibaini kuwa uzalishaji wa ziwa umepungua kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Verburg na wenzake (2003) walibaini kuwa maji yamepata joto na hayachanganyiki vizuri. Sarvala na wenzake (2006) walibaini kuwa mavuno yanategemea namna ya uvuvi. Cohen na wenzake (2016) walibaini kuwa joto limepunguza samaki."

Hakuna sentensi ya uongo hapo. Lakini Sarvala anapingana na wengine na mwandishi hakushtuka. Kampa zamu yake kama mjumbe kikaoni na kuendelea. Linganisha na hii:

"Sababu ya kupungua kwa samaki katika Ziwa Tanganyika bado inabishaniwa, na ubishi huo unatokana kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu ambayo kila kundi lilisoma. Waliotumia matope yaliyochimbuliwa chini ya ziwa wanaelekeza kwenye joto. O'Reilly na wenzake (2003) walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini huenda umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kutokana na hilo wakakisia mavuno ya samaki kushuka kwa takribani asilimia 30. Cohen na wenzake (2016) wanaonyesha kwamba mabaki ya samaki kwenye matope yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20. Sarvala na wenzake (2006), waliotazama takwimu za mavuno, wanahitimisha kwamba mabadiliko ya mavuno yanaakisi zaidi namna ya kuvua kuliko tabianchi. Kwa sera ya kupumzisha ziwa tofauti hii ina uzito, kwa kuwa kupumzisha kunapunguza uvuvi lakini hakupozi maji. Kwa hiyo utafiti huu hauchukulii kwamba samaki wataongezeka baada ya miezi mitatu. Unauliza nani anabeba gharama ya miezi hiyo."

Tazama kilichobadilika. Sentensi ya kwanza haina jina la mtu. Ni dai la mwandishi wa tasnifu. Waliokubaliana wamewekwa pamoja. Waliopingana wamepewa sababu ya kupingana, na sababu hiyo imetoka kwenye safu ya nne ya jedwali. Sentensi ya mwisho imerudi kwenye swali la utafiti. Aya kama hiyo huwa na maneno kati ya 130 na 220. Ikipita hapo, aghalabu imebeba hoja mbili.

Tazama pia ile asilimia 30. Haikupimwa kwa kuhesabu samaki. Ilikisiwa kutokana na makadirio ya uzalishaji. Ukiandika "samaki wamepungua kwa asilimia 30 (O'Reilly, 2003)" umemlisha mtafiti maneno, na mtahini anayelijua ziwa hili atakushika hapohapo. Ndiyo maana nakusihi uachane na "alibaini" kwa kila kitu. Aliyepima, andika alipima. Mwingine alikadiria, mwingine anadai, mwingine anapendekeza, mwingine alihojiwa na gazeti tu. Kitenzi kinamwonyesha msomaji ushahidi una nguvu kiasi gani, na ukikitumia vizuri unapunguza nusu ya maelezo. Mjadala huu wa kibiolojia, kwa mada yako, upewe nusu ukurasa mpaka ukurasa mmoja. Tasnifu ni ya kipato cha wanawake.

Kuhusu pengo. "Hakuna utafiti uliofanyika Kigoma" si pengo mpaka useme Kigoma ina nini kinachoweza kubadilisha jibu. Kuna mambo mengi ambayo hayajatafitiwa Kigoma kwa sababu majibu yake yanajulikana tayari. Chukua tafiti za kufunga uvuvi kwingineko uone zinaishia wapi. Kusini-magharibi mwa Madagascar, Oliver na wenzake (2015) walichambua vipindi 36 vya kufunga maeneo ya pweza. Mavuno yalipanda sana baada ya kufungua. Lakini kila kijiji kilikuwa kinafunga takribani sehemu moja ya tano ya eneo lake, kwa hiyo watu waliendelea kuvua kwingine. Ghana mwaka 2019 ilifunga uvuvi wa mitumbwi kwa mwezi mmoja. Bangladesh hufunga uvuvi wa samaki aitwaye hilsa kwa siku 22 kila mwaka na kaya za wavuvi zilizosajiliwa hupewa mchele. Sasa weka Kigoma pembeni yake: miezi mitatu, upande wote wa ziwa, na mchakataji ambaye si mvuvi na anayeweza kuwa nje ya kila orodha ya wavuvi. Hapo ndipo pengo linaanza kujichora.

Liandike kwa sentensi tatu tu. Ya kwanza, tunajua nini na kwa ushahidi gani. Ya pili, hatujui nini, na kwa nini njia zilizotumika zisingeweza kutuonyesha. Ya tatu, kutojua huko kunamgharimu nani. Kwa mfano: tafiti za kufunga uvuvi zimepima zaidi mavuno na kipato cha wenye vyombo, hazikumtenganisha mchakataji anayenunua mzigo wa siku na yule mwenye akiba, kwa hiyo anayepanga kupumzisha ziwa hana namna ya kujua nani anahitaji msaada katika mwezi wa kwanza na nani katika wa tatu. Huu ni mfano, usiunakili. Hakikisha kwanza jedwali lako linauunga mkono, maana kama kati ya zile 20 ziko tatu zilizowatenganisha, sentensi ya pili imekufa na itabidi uitafute nyingine. Na popote unapotaka kusema "hakuna", sema ulitafuta wapi, kwa maneno gani na mpaka tarehe gani. "Katika utafutaji uliofanyika hadi mwezi fulani, haukupatikana utafiti..." ni sentensi unayoweza kuitetea. "Hakuna utafiti" huwezi.

Nadhani sura yako ina vichwa "Mapitio ya duniani", "Mapitio ya Afrika", "Mapitio ya Tanzania". Vyuo vyetu vinapenda mpangilio huo, nami siupendi, kwa sababu ni orodha iliyopangwa kwa ramani. Ghana na Bangladesh zinahusu jambo lilelile, nani analipwa fidia na nani hapewi, lakini mpangilio wa ramani unaziweka kurasa kumi mbalimbali. Kama mwongozo wa chuo haukulazimishi, tumia vichwa vinne: kwa nini maziwa na bahari hufungwa, kipato cha nani kimepimwa na kimepimwaje, wanawake kwenye mnyororo wa dagaa, fidia na namna watu wanavyojikimu uvuvi ukisimama. Kama unakulazimisha, bakiza vichwa vya ramani lakini ndani ya kila kimoja panga kwa hayo mambo manne kwa mfuatano uleule, na mwisho wa sehemu ya Tanzania weka kurasa mbili zinazoyaunganisha.

Nadharia nayo. Mara nyingi hukaa kurasa nne ikielezea nani aliianzisha na mwaka gani, kisha haionekani tena hadi mwisho wa tasnifu. Ukichagua mtazamo wa riziki endelevu, ambao unatazama rasilimali za kaya (fedha, vitu, watu, mazingira, mahusiano), basi rasilimali hizo ziwe maswali kwenye dodoso lako na zionekane kwenye vichwa vya sura ya nne. Isipofanya hivyo, ipunguze iwe aya moja. Nadharia moja inayofanya kazi inatosha.

Kwa upande wa kupata makala, muulize mkutubi wa chuo kama kimesajiliwa Research4Life. Makala nyingi za kulipia hufunguka kupitia huko. AJOL ina majarida ya Afrika. Nyaraka za mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika wa miaka ya 1990 uliosimamiwa na FAO zinapatikana bure mtandaoni, na TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo Kigoma, kwa hiyo ripoti ambazo mwenzako wa Dar es Salaam anazihangaikia wewe unaweza kuziulizia kwa miguu. Ripoti ya ofisi ikubali kwa namba zake na ieleze ilivyozipata. Maoni yaliyomo yaite maoni. Ukipata makala nzuri, tazama marejeleo yake, kisha kwenye Google Scholar ufungue orodha ya kazi zilizoinukuu baadaye. Njia hizo mbili hukufikisha kuliko kubadilisha maneno ya kutafutia mara mia. Marejeleo yatunze kwenye Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeleo. Inafanya kazi bila intaneti, na hifadhi yake ya bure ya megabaiti 300 kwa kawaida inatosha makala za uzamili.

Akili mnemba itumie kwa tahadhari. Programu hizo zinaweza kukutungia makala isiyokuwepo, ikiwa na mwandishi wa kweli na jarida la kweli. Kila rejeo ambalo hukulifungua mwenyewe, namba yake ya DOI (utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni) ikafika kwenye makala yenyewe, lifute. Na kubadilisha maneno ya mtu kwa visawe ili asilimia ya kufanana ishuke hakukuandikii mapitio. Aya itabaki yake.

Usimpelekee msimamizi kurasa 31 tena. Mpelekee jedwali, zile sentensi tatu za pengo, na ukurasa mmoja wenye sentensi za kwanza za aya zote unazokusudia kuandika, ambazo kwa mada yako zitakuwa 20 hadi 25. Mwombe nusu saa. Ni rahisi kwake kukuambia sentensi ya tisa haifuati ya nane kuliko kusoma sura nzima kwa mara ya tatu, na wewe hutapoteza mwezi ukiandika aya zitakazokatwa. Akikubali, sura yenyewe nadhani itashuka hadi kurasa 18 au 20.

Halafu weka taarifa ya Google Scholar, ile inayokuarifu kazi mpya zikitoka, kwa majina ya samaki na jina la ziwa, kwa sababu tafiti za upumzishaji wa 2024 zitazidi kutoka wakati wewe bado unakusanya data. Makala mpya ikija, iingize kwanza kwenye jedwali uone inagusa aya ipi. Ikibadilisha sentensi ya kwanza ya aya hiyo, iandike upya aya yote. Isipobadilisha chochote, iache kwenye jedwali.